Jamii za Pointa Potovu, kwa Mifano ya Mbulu na Hanang

Lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humwachia mwandishi wa programu ugawaji: aombe kumbukumbu kwa malloc, aiachie kwa free. Pointa hubeba anwani tu. Haijui kama kilichokuwapo bado kipo; kisipokuwapo, pointa huitwa potovu. Wataalamu huyachunguza makosa haya kwa kompyuta. Sisi tumeona wilaya mbili za Manyara zinatosha.

Jamii ya kwanza ni pointa chakavu. Aliyezaliwa Babati mwaka 1968 alizaliwa Wilaya ya Mbulu. Mwaka uliofuata boma lao likawa Hanang, 1985 likawa Wilaya ya Babati, na 2002 mkoa wenyewe ukaacha kuwa Arusha, ukawa Manyara. Ng'ombe hawakusogea hata hatua. Hiyo ndiyo realloc: mgao hubadilika, na kila nakala ya anwani iliyosalia kwenye vyeti huelekeza pasipo na mwenyewe. Tiba yake ni hati ya kiapo kwa wakili.

Jamii ya pili, pointa ya msimu, haina mengi. Huelekeza kumbukumbu ya ndani ya funksheni, ambayo uhai wake hukoma funksheni ikimalizika. Muulize aliyeelekezwa dimbwi la masika akafika na mifugo Septemba.

Jamii ya tatu ndiyo hatari, kwa kuwa pointa haina kosa: kuachia kabla ya wakati. Wabarabaigi wa Hanang walilisha kwa zamu, wakiondoka ili majani yapumzike, kisha wakirudi. Mgawaji akapita zamu isiyo na mtu, akaandika: patupu. NAFCO, shirika la umma, likisaidiwa na Kanada, likalima ngano kwenye ekari zipatazo 100,000. Pointa za awali zilikuwa hai bado, nyingine zikielekeza bung'eda, makaburi ya wazee yaliyoinuliwa kwa udongo. Trekta zikaandika juu yake. (C nayo haitoi onyo, free haiulizi nani mwingine ameshika anwani hiyo.)

Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema, pamoja na mengine, kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Kwa istilahi zetu, anwani ilikuwa sahihi na kumbukumbu ipo, ila pointa ilikataliwa kwa kutotangaza aina yake. Hilo si kosa la uhai wa kumbukumbu, kwa hiyo tumelihamishia juzuu ya pili.