Ua Halina Mahali pa "Ila"

Asubuhi hii nimesonya mpaka muuza kahawa akageuka kunitazama. Simu imelia saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikashtuka nikidhani msiba. Kumbe ua. Ua jekundu lenye matone ya umande, juu yake maneno ya kututakia asubuhi njema, limetupwa kwenye kundi letu la tuliomaliza pamoja darasa la saba. Tuko 140 na ushee humo. Jua halijatoka, yameshaingia maua kumi na moja. Jamani, hapo anayesalimiwa ni nani?

Sisemi kwa chuki, wale ni wenzangu. Lakini salamu yetu ina mwendo wake. Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, nzuri. Watoto? Wazima. Yule mgonjwa je? Huko kwenu mvua imefika? Mtu atajibu "nzuri" mara tatu, ya nne aseme, "Nzuri, ila..." Hiyo "ila" ndiyo tunayoifuata kote huko. Anayesema salamu za Waswahili ni ndefu bure hajawahi kukaa akaisubiri. Ua halina mahali pa kuweka "ila".

Kijiwe chetu kiko Ngamiani hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Benchi mbili, ubao wa drafti unaochezwa kwa vizibo vya soda, birika juu ya mkaa, beseni la maji lenye vikombe vidogo, sahani ya kashata. Na kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: timu yako ikifungwa, kesho yake lazima uje. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ni watani tangu babu zetu, na utani una wajibu. Aliyefungwa anakaa katikati, anasemwa mpaka wasemaji wachoke, kisha kahawa ya wote anailipa yeye. Akijificha, kosa lake ni kubwa kuliko mabao aliyofungwa.

Sasa, kuna mwenzetu mmoja fundi cherehani, Simba wa kufa na kupona. Simba ikafungwa. Asubuhi hakutokea. Tukacheka, tukasema leo fundi kaingia mvunguni. Siku ya pili muuza kahawa, kwa mazoea tu, akammiminia kikombe chake akakiweka pale pembeni anapokaa siku zote. Kikombe kikapoa. Hakuna aliyekigusa, na taratibu gumzo likakatika. Mzee mmoja akaukunja ubao wa drafti katikati ya mchezo aliokuwa anashinda. Akasema, "Fundi hawezi kukimbia utani siku mbili. Twendeni."

Tulimkuta mkekani, sukari imepanda, midomo imekauka, mguu umevimba. Mkewe alikuwa Lushoto kwa binti yao aliyejifungua. Simu ilikuwa pembeni yake inamulika. Fundi naye yumo katika kundi letu la darasa la saba, na maua yalikuwa yameingia ya siku zote mbili, hata moja halikuwa na jina lake. Tukambeba mpaka kwenye bajaji. Baadaye nikamuuliza, mbona hukupiga? Akanijibu, "Vocha sina, lakini nilijua kahawani mtaniona sipo."

Nilipoyasema haya leo, kijana mmoja akanipinga. Mzee, anasema, kahawani mko kumi, mnaonana kwa macho. Watu 140 waliotawanyika toka Mtwara mpaka Bukoba utamsalimu nani, umwache nani? Swali zuri. Nikamjibu kwa habari za mjomba wangu.

Mjomba alikuwa karani katika shamba la mkonge huko Korogwe, na alikuwa mtu wa kadi za salamu za redio. Kadi alinunua dukani kwa fedha yake. Jioni analaza kiwiko mezani, anaandika kwa herufi kubwa: jina lake, sanduku la posta, kisha majina ya anaowasalimu, mmoja mmoja, na kila mmoja mahali alipo. Mwisho wimbo na ujumbe. Akishaituma anaweza kusubiri wiki nyingi. Betri zikichoka anazianika juani ili sauti ipande walau kwa jioni moja. Siku kadi yake inaposomwa, nyumba nzima inanyamaza, na yeye anaitikia kila jina kwa kichwa kana kwamba mwenyewe kaingia mlangoni. Wengi wa watu hao hakuwahi kuwaona kwa macho.

Alipofariki, walikuja wageni watatu kutoka Moshi. Hapakuwa na ndugu aliyewajua. Walijitambulisha kwa namba za sanduku la posta, mke wa mjomba akaangua kilio kipya, maana namba zile alizisikia miaka. Waliingia kaburini wakapokea mwili pamoja nasi.

Siku zile redio ya Nairobi ilitufikia huku Tanga, na mtangazaji marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kipindi chake mwaka 1966 na kutuacha Februari 2025, alikuwa akiuliza swali moja tu: je, huu ni ungwana? Mimi nauliza hilohilo kuhusu ua linalotumwa kwa kila mtu.

Kijana akanyamaza, nami sikumwacha hivi hivi. Nilimwonyesha daftari langu. Tangu fundi augue nimeyaorodhesha majina yote ya kundi letu, na kila alfajiri nawaandikia wawili au watatu kwa majina yao, nawauliza ya kwao. Mmoja kanijibu kwa sauti, dakika nne nzima, na "ila" yake ilikuwa mwishoni kabisa. Leo nimefika jina la kumi na tisa. La kumi na mbili halijajibu, na nikipiga simu inaita tu. Yuko Muheza. Nikimaliza kikombe hiki naelekea stendi.