Grafu ya Kijani, Mtandao wa Mashaka

Kazi ya mtandao haina shukrani. Mambo yakienda vizuri, watu wanauliza huyu analipwa kwa lipi. Yakiyumba kidogo, korido nzima inajua jina lako. Kwetu, kila seva ya mafaili ikianza kumwaga mzigo wake asubuhi, simu za mezani zinakatakata maneno na bosi anapaza sauti: “Bwana mdogo, mtandao vipi tena?”

Bosi siku hizi amejifunza kufungua grafu. Anaikuta ya kijani, tulivu, matumizi madogo. “Mbona huku kweupe? Tatizo ni wewe.”

Grafu hiyo ni wastani wa dakika 5. Poti ya gigabiti 1 ikijaa pomoni kwa sekunde 1, kisha ikalala sekunde 299 zilizobaki, wastani hautimizi hata nusu asilimia. Sasa nenda kamwambie mtu kwamba ndani ya sekunde ile kulikuwa na maafa! Seva inaleta mzigo kwa gigabiti 10, waya wa kwenda mezani unapitisha 1. Ziada inahifadhiwa kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya swichi, na bafa ya megabaiti 1 inajaa kabla milisekunde haijaisha. Hapo swichi haibembelezi mtu: pakiti zinazofuata zinatupwa, kaunta inapanda, na hiyo kaunta hakuna anayeomba kuiona.

“Si uongeze bafa?” anasema mjuaji wa manunuzi. Bafa ni benchi la kinyozi: likiwa fupi wateja wanaondoka, likiwa refu wanajazana na kushinda hapo. Poti moja ya gigabiti 1 ukiiachia megabaiti 12, pakiti ya mwisho inangoja karibu milisekunde 100. Faili halijali, simu inajali sana. Tena kumbukumbu ya swichi nyingi ni ya ujamaa: nikiipendelea poti hii, ile nyingine inabaniwa, na jioni mwenyewe yuko mlangoni kwangu. Dawa ni kuipa sauti foleni yake inayotangulia, na foleni ya mafaili kuiwekea kikomo. Lakini kazi hiyo haina risiti, kwa hiyo haihesabiwi kuwa kazi.

Hapo sijagusa vyuma vyenyewe. Usiku wa manane mfumo wa uangalizi unaniamsha: joto la swichi limepanda, feni zinakimbia mwendo wa mwisho. Kisa? Mhasibu amezima kiyoyozi ili kuokoa LUKU. Chumba cha seva nacho kimefanywa stoo. Maboksi ya karatasi za A4 yameegemezwa mgongoni mwa rafu, palepale hewa ya moto inapotokea. Pawasaplai ya pili, iliyowekwa ili ya kwanza ikifa tuokoke, imechomolewa. Soketi yake inachemsha birika la chai.

Kikao kikiitishwa, azimio ni lilelile: tununue intaneti kubwa zaidi. Pakiti zinafia humuhumu ndani ya jengo, hela tunampelekea mtoa huduma!

Ndugu mwenye ofisi, kabla hujatia saini hundi hiyo, mwambie fundi wako akuonyeshe idadi ya pakiti zilizotupwa, poti kwa poti. Kisha rudisha plagi ya pawasaplai, na kiyoyozi cha chumba cha seva kiache kiwake. Chai mkachemshie jikoni.