Vitumbua vya Kaskazi

Binti yangu aliposema ataandika mapishi ya bibi yake, kwa vipimo na picha, ili shangazi yake aliyeko Maskati apike mwenyewe bila kupiga simu katikati ya moto, hakuna aliyepinga. Tulidhani ni kazi ya daftari na kalamu. Wiki haikuisha, jikoni pakawa na mzani, kikombe cha mililita 250, na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la maziwa ikitazama chungu.

Taabu ya kwanza ilikuwa mkono wa Mama. Mama hapimi. Anachota sukari huku anaongea, anatia chumvi huku anamwita mtoto; ukimwomba amimine kwanza kwenye kikombe, mkono unasita na ladha inapotea. Binti akapata njia ambayo mpaka leo naisifu: aliacha kuupima mkono, akapima mfuko. Mfuko wa sukari unawekwa mzanini kabla Mama hajaugusa, unarudishwa akishachota, na kilichopungua ndicho alichotumia. Mchele vivyo hivyo, hamira vivyo hivyo. Mama akapika kwa raha zake, gramu zikaingia daftarini.

Picha ndizo zilizotutesa sote. Taa ya jikoni inaufanya mchuzi wa nazi uonekane mgonjwa, na huku kwetu Tanga jua likishazama, giza halikawii. Basi chakula cha usiku kikahamia saa 10 alasiri, penye mwanga. Changu wa kupaka aliwekwa barazani apigwe picha za ubavuni, paka wa jirani akaondoka na kipande cha mkiani. Wadogo walikaa na sahani tupu wakiambiwa "bado kidogo". Msimu ule nimekula wali uliopoa, na sinung'uniki: asiyewahi kumla samaki wa kupaka anahitaji kuona jinsi tui linavyomshika samaki likishakuwa zito, kabla halijaungua.

Kisha vikaja vitumbua. Vilipimwa Julai, kusi inavuma na usiku una kibaridi: mchele nusu kilo uliolowekwa tangu asubuhi, ukasagwa usiku kwa tui zito, iliki, sukari, na hamira kijiko kimoja cha chai. Rojo lilifunikwa kwa kawa, na alfajiri likawa limefika ukingoni mwa bakuli, zuri kabisa. "Acha hadi alfajiri," binti akaandika. Ukurasa ukahesabiwa umekamilika.

Ikaja Januari, joto la kaskazi. Kaka yake, ambaye hajawahi kupika hata yai, alipewa ukurasa ule aufuate peke yake. Wazo lilikuwa sahihi: mapishi yaliyoandikwa hujaribiwa na asiyeyajua. Akafuata neno kwa neno, akafunika, akalala.

Nilipoamka kwa swala ya alfajiri niliteleza mlangoni pa jikoni. Rojo lilikuwa limeinua kawa, likashuka mezani, likaingia chini ya jokofu, na sisimizi walikwishapata habari. Lililobaki bakulini lilinuka uchachu mkali hata iliki haikusikika. Kijana alikuwa karibu kulia. "Baba, nimefuata kila kitu!" Na kweli alifuata.

Mama alitoka na kanga yake begani, akatazama sakafu.

"Nani kawaambia mlaze rojo usiku kucha wakati wa kaskazi?"

Hamira hula sukari na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayotoboa matundu ndani ya kitumbua. Joto likizidi, hula upesi zaidi. Kaskazi Mama hutia hamira nusu, tena husaga alfajiri yenyewe. Miaka yote amefanya hivyo. Julai hapakuwa na sababu ya kulisema.

Mimi naona hapo ndipo binti alipoanza kuandika mapishi kweli. Saa peke yake haimwongozi mtu. Lazima aambiwe ataona nini. Alikaa na bibi yake mbele ya bakuli, akaandika upya: rojo liongezeke maradufu, juu pawe na vipovu vidogo vinavyopasuka vyenyewe. Tui liwe vuguvugu, kidole kilivumilie. Likipita nyuzi 60 hamira imekufa na hakuna subira itakayoifufua. Chuma cha vitumbua kipate moto sawasawa, mafuta kidogo kila kishimo, mkaa upunguzwe, na kitumbua kigeuzwe ukingo wake unapoanza kuachana na chuma.

Ukurasa ukatumwa Maskati. Shangazi mtu akaujaribu mwezi wa Mei, akapiga simu akilalamika: rojo limekaa saa tatu, halina hata povu. Mama akaichukua simu.

"Umeliweka wapi?"

"Mezani, Mama, sebuleni."

"Na hicho kiyoyozi?"

"Kinawaka, tutakaaje bila kiyoyozi?"

"Litoe barazani, mwanangu, lina baridi hilo! Na usiliache, huko kwenu joto linapita nyuzi 40, kaa nalo ulitazame."

Kabla ya Isha picha zikaja, vitumbua vimejaa sinia, vimeungua kidogo upande mmoja. Mama akauliza moto ulikuwaje. Binti alikwishafungua daftari, na kaka yake, bila kuambiwa na mtu, akaenda kuloweka mchele.