Kijerumani cha Miti na Matope

Kijerumani changu kina miti mingi kuliko watu. Naweza kukusimulia jinsi misonobari ya milima ya Harz ilivyoteketea baada ya ukame wa 2018, na mdudu gani alitoboa magome yake mpaka mlima mzima ukabaki na vijiti vya kijivu. Ila usiniulize saa ngapi, wala choo kiko wapi. Katika video ninazosomea, hakuna bundi aliyewahi kuuliza choo.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni binamu yangu aliyeko Dar es Salaam, anayesomea uuguzi na kuhesabu siku za kwenda Ujerumani. Yeye analipia darasa. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi hapa Malolo, mkoani Lindi, na korosho zikishapita, ufuta nao ukishapita, karani hubaki na mizani tupu na muda mwingi. Nikaanza na masomo ya kawaida ya kwenye simu, yakanishinda. Kila mtu humo yuko uwanja wa ndege, au yuko mgahawani anaagiza kahawa kwa unyenyekevu wa kutisha. Kwetu kahawa iko barazani kwa mzee mmoja: unakaa, unamiminiwa, mkishamaliza siasa unalipa. Hapahitajiki sarufi.

Ndipo binamu akaniambia, "Kaka, angalia video za wanyama na mazingira." Hoja yake ilikuwa nzito. Mnyama haongei. Anayeongea ni mzee mmoja aliyejificha nyuma ya kamera, ana sauti nene, anasema polepole, na akitaja nungunungu, nungunungu anapita. Mwalimu gani mwingine atakuletea nungunungu?

Kikwazo kilikuwa mtandao. Nyumbani kwa bibi unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko, kwa hiyo darasa langu likawa huko juu, mbele ya kijiji kizima. Wiki ya kwanza walikuja watoto. Wiki ya pili walikuja baba zao, wakidhani kuna mpira wa Namungo. Baadaye akapanda bibi mwenyewe, kwa mkongojo, akakaa na hakushuka tena. Tangu hapo sikusikia sentensi nzima ya Kijerumani bila sentensi mbili za bibi juu yake.

Siku ya nguruwe pori ndiyo iliyomkera zaidi. Berlin, mji mkuu wa watu wenye treni za chini ya ardhi, una nguruwe pori wanaoingia kwenye bustani na kufukua majani. Video ilionyesha familia imesimama dirishani inawapiga picha.

"Wanawapiga nini?" akauliza bibi.

"Picha, bibi."

"Mume wangu, hebu zima. Hawa hawajawahi kulima mihogo."

Sikuzima, kwa sababu mbele kulikuwa na mbwamwitu. Hawa walitokomezwa Ujerumani zamani, wakarudi wenyewe kutoka Poland, na mwaka 2000 wakazaa tena porini kule Saxony. Mfugaji mmoja alikuwa akilalamika mbele ya kamera, macho mekundu. Nikamtafsiria bibi kadiri ya uwezo wangu: kondoo wameliwa.

"Na watu?"

"Watu hawajaliwa, bibi."

"Sasa huyo baba analia nini?"

Bibi ana haki ya kuuliza. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha hesabu kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 Tanzania, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Sababu waliyoitaja bibi angewapa bure, kwa kikombe cha uji: nguruwe pori anafuata mazao, mkulima analala dunguni kumfukuza nguruwe, simba anamfuata nguruwe, halafu anamkuta mkulima. Bibi amelala dunguni miaka hiyo. Ujerumani haimwogopeshi.

Lakini nilipomweleza kwamba mfugaji yule hulipwa na serikali kwa kila kondoo aliyethibitika kuuawa na mbwamwitu, na hata uzio husaidiwa, alinyamaza, akasogea karibu na simu. Fomu hizo anazijua. Huku kwetu zipo za aina mbili, kifuta jasho kwa shamba lililoliwa na kifuta machozi kwa mtu, na bibi ana maoni kuhusu kasi ya zote mbili. Akataka nirudishe nyuma aone mfugaji alipeleka kwa ofisa gani. Nikarudisha. Bando likakata katikati ya ofisa.

Somo la wadudu nalo lilileta mgogoro. Wajerumani walipima wadudu wanaoruka katika hifadhi zao, na utafiti uliotoka 2017 ukaonyesha kwamba uzito wao umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Watu wakashtuka. Mwaka 2019, katika jimbo la Bavaria, watu wapatao milioni 1.75 walipanga foleni kwenye ofisi za serikali, msimu wa baridi, kutia saini kwamba nyuki na wadudu waokolewe. Nilipowatangazia haya wasikilizaji wa kichuguuni, palitokea kimya, kisha jirani mmoja, ambaye mchwa walishamla mlango, akasimama na kutangaza kwamba kama ni wadudu wanatakiwa, Malolo iko tayari kusafirisha. Alikuwa na hesabu ya magunia tayari. Mwingine akataka siafu wapewe kipaumbele.

Nikajaribu kuwaeleza habari ya nyuki na uchavushaji, kwamba hata maua ya mikorosho yanawategemea wadudu, na kwamba dawa tunazopuliza hazichagui wa kumuua. Walinisikiliza kwa adabu. Usiku ule ule mchwa wakala daftari langu. Lilikuwa chini ya kitanda, lina maneno yote ya Kijerumani niliyoyakusanya tangu nianze, yamepangwa kwa rangi. Waliacha jalada na ukurasa mmoja wa majina ya uyoga. Nisiwalaumu sana, maana kichuguu kinachonipa mtandao ni chao. Tuseme wamekata kodi ya pango.

Katika video zote hizo, neno la kwanza nililolisikia wazi, bila kurudisha nyuma, lilikuwa "Lindi". Mzee wa sauti nene alikuwa ameingia makumbusho ya viumbe ya Berlin, akasimama chini ya mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Alitolewa Tendaguru, hapa hapa mkoani kwetu, katika uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Nikapiga kelele juu ya kichuguu. Nikawaeleza wenzangu kwamba mifupa ile, tani kwa tani, ilibebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Bibi akatazama ule urefu wa shingo. "Kifuta jasho walipewa?"

Basi sifa zikaenea kwamba nakijua Kijerumani, na sifa haina mahakama ya rufaa. Masika yakafika. Siku moja kijana wa bodaboda akanifuata hadi ghalani: "Mjerumani, unaitwa! Wenzako wamekwama!" Kwenye njia inayochepuka kwenda mashambani tukakuta gari la kukodi limezama hadi mlangoni, na mume na mke watu wazima wamesimama pembeni, viatu mkononi. Kiingereza chao na chetu vilikwisha kukutana na kuachana kabla sijafika. Watu wakanipisha njia. Mwenyekiti wa kitongoji akanishika bega: "Mwalimu, zungumza."

Neno "sukuma" silijui. "Kamba" silijui. Ila matope nimeyasoma sana, kwa sababu Wajerumani wana mapenzi ya ajabu na matope yao meusi, yale waliyoyakausha zamani ili walime na ambayo sasa, yakiwa makavu, yanatoa karibu asilimia 7 ya gesi joto zote za nchi yao, hadi wanalipana fedha kuyarudishia maji. Nikavuta pumzi, nikaonyesha pale gurudumu lilipokuwa: "Das ist ein Moor. Moore speichern Kohlenstoff."

Yule mama akalitazama gari, akanitazama mimi, akasema "Ja, stimmt," yaani ndiyo, ni kweli, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba. Mumewe akakaa chini.

Vijana walishaanza kukata matawi ya mikorosho na kuchimba kwa majembe. Bei ikapatanwa kwa vidole, bila mkalimani, na ikapatanwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Gari likatoka. Wageni wakashukuru, wakalipa, wakaondoka kwa mwendo wa watu wasiotaka kuelezwa zaidi.

"Umewaambia nini?" akauliza mwenyekiti.

"Nimewaambia kwamba matope namna hii kwao ni mali. Yanahifadhi kaboni. Watu wanalipwa kuyatunza."

Ningekuwa mahali pengine, mambo yangeishia hapo. Lakini tangu madini ya kinywe yapatikane wilayani kwetu Ruangwa, mgeni hawezi kuinama kufunga kamba ya kiatu bila watu kudhani anapima udongo. Minong'ono ikapita. Mmoja akauliza kama kaboni ni ile ile ya kwenye penseli. Mwenyekiti akauliza wapimaji wanakuja lini, na kama watapitia ofisini kwake kwanza. Na mzee mmoja aliyekuwa ameegemea jembe muda wote bila kusukuma chochote, akajisafisha koo, akaonyesha kwa mpini.

"Niliseme mapema, mashahidi mpo. Shamba langu linaanzia pale kwenye mkorosho, na dimbwi lote limo ndani."