Piga Msasa Kivivu, Usifiwe Kama Mchapakazi

Mwaka 2022 Kigoma iliunganishwa na Gridi ya Taifa, majenereta ya dizeli yakapumzika. Sasa fundi wa Kasulu au Kibondo ana sababu ya kununua mashine ya msasa ya mkononi. Najua unachotaka: kitanda cha mninga king'ae, mteja aduwae, na wewe usichoke. Sogea nikuambie.

1. Usiikandamize. Ukiigandamizia kifua, mzunguko unapungua, mota inachemka na ubao unabaki na alama za duara. Mashine ya aina ya kuzunguka iweke kwanza juu ya ubao ndipo uiwashe, kisha uachie uzito wake ufanye kazi. Wewe iongoze tu, polepole.

2. Iba pasipoonekana. Uvunguni, mgongo wa kabati unaotazama ukuta, chini ya droo: pitisha karatasi ya msasa namba 80 mara moja, basi. Nguvu zako zipeleke ubao wa kichwani, ukingo wa meza, mikono ya kiti. Mteja hakagui kwa macho, anapapasa.

3. Kwenye namba usiibe. Anza na 80, nenda 120, malizia 180. Ukiruka ya kati, mikwaruzo itajificha hadi upake vanishi, halafu itajitokeza yote mbele ya mwenye mali. Njia ya mkato ipo: chora mistari ya penseli ubao mzima. Ikifutika yote, namba hiyo imekwisha, usiongeze hata dakika. Kisha zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa ubao. Mkwaruzo wowote utauona. Karatasi ikipoteza makali, chomoa plagi, badilisha. Karatasi iliyokufa inakula umeme wako bure.

4. Ufa mdogo usikunyime usingizi. Chukua vumbi laini la mninga huohuo, changanya na gundi ya mbao, jaza, acha likauke, piga msasa. Ufa mkubwa usijaribu, rangi itakusaliti.

5. Hapa, ndugu yangu, nakusihi. Vumbi la mninga linawasha pua na linaweza kukuletea pumu. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii chembe laini. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, vaa miwani, fanyia kazi nje, na mfuko wa mashine umwage kabla haujajaa. Waya upitishe begani usije ukausaga. Tena ukivaa hivyo unaonekana mtaalamu, na bei ya mtaalamu haijadiliwi sana.

6. Kiangazi, paka vanishi alfajiri, kabla bodaboda na malori hayajatimua vumbi jekundu barabarani.

Mteja akifika, nyamaza. Mwache apapase ubao wa kichwani hadi aridhike, ndipo utaje bei.