Mafuriko Hayamdhuru Asiye na Nyumba

Kwa waheshimiwa mnaopanga misaada ya dharura,
City Hall, Nairobi.

KUH: PONGEZI

Waheshimiwa,

Hongereni. Katika jiji hili zima mmegundua watu ambao maafa hayawezi kuwagusa: wanaolala nje. Mto ukifurika, msaada huandikiwa kaya. Mkuu wa kaya ni nani, nambari ya kitambulisho, nambari ya M-Pesa, nyumba ilikuwa wapi. Anayelala chini ya daraja la Globe hana nyumba ya kusombwa, basi hajapata hasara. Kama hana kitambulisho, laini ya simu haisajiliwi kwa jina lake. Aende kwa chifu apewe barua ya utambulisho? Chifu wa lokesheni ipi, ya nguzo ya tatu kutoka Pangani?

Mama mmoja hulala na wanawe wawili kwenye baraza la duka River Road. Mvua ikiwakuta usiku, hulifungua boksi moja alilolificha ndani ya karatasi ya nailoni, akawatandikia watoto, yeye akachutama ukutani hadi mwenye duka aje asubuhi kumwaga maji ya kuosha baraza. Kwa fomu zenu amepoteza nini? Boksi. Na boksi halina fidia.

Wala msiseme hamwajui. Mwaka 2018 familia za mitaani zilihesabiwa nchini kote, wakapatikana watu 46,639, na 15,337 kati yao walikuwa hapa Nairobi. Kumbe kumhesabu mtu asiye na anwani kunawezekana. Kumpa blanketi ndiko kugumu.

Lori la askari wa kanjo nalo halijawahi kulalamika kwamba chokoraa hawapatikani. Wageni wakubwa wakikaribia jijini na likatumwa kuwazoa, linajua kila kichochoro, hata saa tisa za usiku. (Kwa maoni yangu, dereva wake ndiye angepewa idara ya maafa. Ramani anayo kichwani.)

Serikali Kuu nayo iliwaonyesha njia mwaka 2024. Mvua za Aprili ziliua watu wengi na kufagia mabanda ya Mathare na Mukuru. Mei ilipoingia, ikatoka amri kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakaangusha kile ambacho maji yalikuwa yamekisaza. Waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 za kutafutia makao mapya. Shilingi 10,000, jijini Nairobi, ambako mwenye nyumba hudai kodi na amana kabla hujaingiza godoro! Tingatinga halikuomba barua ya chifu. Na wale ambao hawakupata pa kwenda wakapandishwa cheo: wakaingia katika kundi lile lisiloweza kupata hasara. Mafuriko yajayo hayatawahusu tena.

Najua mtaniuliza fedha ziko wapi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, na kutumia humo hadi asilimia 2 ya mapato yake kwa mwaka. Mtaniuliza pia ni kwa mamlaka gani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Ni haki ya mtu, haisubiri awe kaya.

Sasa ombi langu. Masika huanza Machi. Kaunti ina kumbi za jamii, Kaloleni na Pumwani zikiwemo, zenye paa, sakafu na choo. Andikeni leo ni nani atakuwa na funguo usiku wa mvua, mikeka na blanketi zitakaa wapi, na nani atakayewaandikisha watu kwa majina yao bila kuwadai kitambulisho. Kisha zifungueni kumbi hizo, na mkikosa kujua wa kuwaita wako wapi, muulizeni dereva wa lori.

Wenu mtiifu,
Mlipakodi wa Eastlands.