Moja, Nyuma, Tua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kisahani kinarushwa na mkono. Nimekulia Tanga nikirusha vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia juu ya paa la jirani, nikaamini fani hii ninayo damuni. Basi kijana mmoja wa Nakuru ninayefanya naye kazi hapa Minneapolis aliponialika kwenye gofu ya visahani, nilikwenda kifua mbele.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Badala ya mpira kuna kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita 21 hivi, na badala ya shimo kuna kapu la chuma lenye minyororo inayoning'inia. Unasimama kwenye kijisakafu cha zege, unarusha, unakifuata kilikoangukia, unarusha tena, mpaka minyororo ilie. Mwenye marusho machache ndiye mshindi.

Shughuli ni miguu. Kwa sisi wa mkono wa kulia, unatanguliza mguu wa kulia, wa kushoto unapita nyuma yake kama mwizi anayepenya uchochoroni, kisha wa kulia unatua na kukaza, ili nguvu ipande kutoka chini, ipite kiunoni, ndipo ifike mkononi. Moja, nyuma, tua. Siku ile mguu wa kushoto haukupita nyuma. Ulipita juu ya mwenzake. Nikatoka kwenye zege kama niliyeteremshwa kwenye daladala kabla haijasimama, kisahani kikakata kulia hadi kwenye maegesho ya magari, na aliyenipokea chini ni thermosi ya mwenyeji wangu.

"Pole, kaka," akasema, akiitazama nyasi inavyokunywa. "Lakini hiyo ilikuwa chai ya maziwa."

Wiki iliyofuata Mama Salma alinirekodi kwa simu. Nilitarajia kuona mwanariadha. Nikamwona mtu anayekimbiza basi huku anaficha kitu mkewe asikione.

"Baba Salma, hapo unarusha au unacheza chakacha?"

Tukairudia video polepole, aibu ikajitokeza kipande kwa kipande. Kasi nyingi. Hatua ya mwisho ndefu kama ya kuruka mtaro. Uzito wangu wote ulikuwa umemwagikia ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, mahali pasipo na kitu cha kuuzuia, wakati unatakiwa ubaki upande wa ndani ili mguu upate kusukuma. Mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubanwa karibu na mwili, ulikuwa unapunga kama wa abiria anayeaga bandarini. Na kisigino cha kulia kiling'ang'ania zege badala ya kuzunguka baada ya kurusha, ndiyo maana goti lilikuwa linanidai kila nikipanda ngazi.

Karibu na kapu nilidhani nitapata nafuu. Wapi! Ukiwa ndani ya mita 10, sheria inataka ukisharusha uonyeshe umesimama sawasawa kabla hujavuka alama yako. Mimi nilikitia kisahani, minyororo ikalia, nami nikakifuata mbio mbio hadi nikalikumbatia kapu. Rusho moja la adhabu.

Mmarekani aliyelibuni kapu hilo la minyororo, Ed Headrick, walimpa jina la utani "Steady Ed", yaani Ed Asiyeyumba. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki vikatengenezwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Mama Salma aliposikia alisema astaghfirullah mara tatu. Mimi nilichowaza ni kwamba yupo marehemu anayekwenda sawa kuliko mimi niliye hai.

Theluji ilipoanguka nikahamishia mazoezi kwenye korido ya nyumbani, kwa soksi, bila kisahani. Hatua fupi, taratibu. Moja, nyuma, tua. Moja, nyuma, kabati la viatu.

Usiku wa tatu mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa Kisomali wa ghorofa ya chini, aliyeishi Mombasa miaka mingi, ameshika chupa ya mafuta ya kuchulia.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "mumeo ana kifafa?"

"Hapana, mama. Anajifunza kusimama."

Bibi akanitazama kuanzia soksi hadi kichwani, akamwachia chupa.